Mtaa Uliojifanya Haupo: Historia ya Dada Yetu, Mshona Mifuko

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha, familia inaanza kwa kuwaomba radhi, kwani historia hii ilipaswa kusomwa na kaka mkubwa, mtu mwenye sauti na suti, lakini sauti imemkauka tangu juzi na suti imegoma kufunga vifungo, hivyo mmeangukiwa na kitinda mimba, ambaye ataisoma vibaya, atachanganya kurasa, atacheka pasipostahili na kulia mahali ambapo hapakuandikwa kilio, na mkiona amenyamaza muda mrefu msidhani ni majonzi, ni miwani.

Marehemu dada yetu alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Machi 1957, saa kumi na mbili asubuhi, katika chumba cha pili cha nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa baba yetu, aliyekuwa mpiga randa, na mama yetu, aliyekuwa akifua nguo za watu, na mama alikuwa akisimulia kwamba kilio chake cha kwanza kilikuwa kikubwa kiasi kwamba wafanyakazi wa zamu ya asubuhi walikimbia kwenda kazini wakidhani king'ora kimeshapigwa.

Alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1964, katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya ghala la magogo, na alikuwa hodari wa kusoma na mbovu wa kuimba, lakini mwaka wake wa tatu shuleni, mwezi wa Septemba 1966, msumeno ulimkata baba vidole vitatu, kazi ikaisha siku hiyohiyo, na ilipofika sikukuu ya mwisho wa mwaka nyumbani kwetu hapakuwa na kitu jikoni isipokuwa jiko lenyewe. Ndipo alipokuja mwanamke mmoja wa glavu nyeupe, na gari, na boksi la chakula, na mpiga picha, akawatoa watoto wote nje wajipange kwa urefu mbele ya majirani, kila mmoja aseme asante kwa zamu, kisha waseme tena kwa nguvu kwa sababu mpiga picha hakuwa tayari, na dada yetu, akiwa na miaka tisa, alisema asante mara tatu kabla ya kuruhusiwa kugusa boksi. Aliwahi kusema, na hakusema zaidi ya mara mbili maisha yake yote, kwamba siku ile alikula ugali huku machozi yakimteremka, na si kwamba haukuwa mtamu, ulikuwa mtamu sana, hilo ndilo lililomuudhi.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1970, mwaka ambao mama alifikiri amemaliza kuzaa akashangaa kumpata kitinda mimba, na kwa kuwa ada ya sekondari haikuwepo na mtoto mchanga alikuwepo, dada yetu alibaki nyumbani kumbeba, jambo ambalo kitinda mimba huyo hajawahi kulilipa, na kumbukumbu za familia zinaonyesha kuwa alimkojolea. Mwaka 1972 alijifunza ushonaji, na tarehe 3 Januari 1973 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, idara ya kola za mashati, ukumbi wenye cherehani mia moja na arobaini zilizokuwa zikiunguruma kwa pamoja kutwa nzima, na humo alikaa miaka thelathini na mitano, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2008. Kiwanda kilimpa cheti na saa ya ukutani, na kikamchukulia masikio. Hakuwa kiziwi, la, ukimwita kwa sauti alisikia, ila vitu vidogovidogo vilimpita, kama mlio wa bawaba, mbu, na sauti yake mwenyewe, hasa alipodhani ananong'ona.

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na dereva wa lori, kijana mpole aliyefika kiwandani kubadilishiwa kola ya shati, akarudi wiki iliyofuata na shati lilelile, akarudi tena, hadi msimamizi akamwambia, "Kijana, shati limebaki kola tupu, sema unachotaka," naye akasema. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni fundi umeme na mwana ambaye anafundisha hesabu, na wajukuu watano. Shemeji yetu alitangulia tarehe 2 Mei 2009, na dada akabaki na nyumba, cherehani ya kukanyaga, na lile jambo lake.

Lile jambo lake, ndugu waombolezaji, ndilo lililowaleta wengi wenu hapa, kwa hiyo kitinda mimba anaomba mvumilie alieleze lote. Tangu mwaka 1991, kila ilipokaribia sikukuu ya mwisho wa mwaka, dada yetu alishona mifuko thelathini na sita kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki kiwandani, kila mmoja na kamba yake, akapanda nayo mtaa wa juu, kwenye mageti na bustani, akaitundika mitupu milangoni, ikiwa na kikaratasi kilichoandikwa: "Weka unachokula mwenyewe. Nitapitia Alhamisi saa nne." Na alimaanisha, maana mwaka mmoja bwana mmoja mwenye geti la umeme aliweka unga wenye wadudu, dada akamgongea, akamrudishia, akamwambia, "Naona umesahau wageni wako humu ndani." Ijumaa yake, saa tano mchana, wakati watu wako kazini, alishusha mifuko iliyojaa hadi mtaa wa chini, kwenye ile nyumba ndefu ya vyumba nyuma ya kiwanda cha mbao na vibanda vinavyoizunguka, kwa familia thelathini na sita ambazo mwalimu mkuu wa shule alimtajia kimyakimya, akaweka kila mfuko mlangoni na kuondoka bila kubisha hodi. Sheria yake ilikuwa moja, kwamba aliyetoa asijue nani amepata, aliyepata asijue nani ametoa, na mtu yeyote asisimamishwe nje kusema asante, na alikuwa na karatasi mbili za orodha, moja ya mtaa wa juu na moja ya mtaa wa chini, ambazo hakuziandikia kichwa cha habari wala majina, namba za milango tu, ili hata ikidondoka njiani isimwaibishe mtu. Kwa miaka thelathini na miwili alifanya hivyo, akisukuma toroli alilopewa na mtunza stoo wa kiwanda, akiamini kwamba anapita pale kama kivuli.

Tarehe 3 Septemba 2023 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akalazwa, ikagundulika kuwa moyo umetanuka, na aliporuhusiwa kutoka tarehe 20 Oktoba daktari alimkataza kupanda mlima, kusukuma kitu chochote, na kukasirika. Dada aliuliza kama anaweza kuchagua viwili kati ya hivyo vitatu, daktari akasema hapana, na hivyo, kwa mara ya kwanza, kazi ya mifuko ikamwangukia mtu mwingine, na kwa kuwa kaka mkubwa ana mgongo, na watoto wana kazi, na wajukuu wana mitihani, mnaweza kukisia nani alikuwa hana kitu.

Dada alikaa kwenye kiti chake kando ya cherehani, akampa kitinda mimba mifuko mitupu thelathini na sita na karatasi moja, akasema, "Mdogo wangu, ile nyingine iko juu ya kabati, ya leo ni hii, umenisikia?" na kitinda mimba akasema, "Dada, mimi si mtoto," kisha akaweka karatasi mezani anywe chai, akasimama, akaona karatasi juu ya kabati, akajiambia nimeisahau pale, akaichukua. Alhamisi tarehe 14 Desemba alisukuma toroli, akatundika mifuko yote mitupu, thelathini na sita, kwenye milango ya mtaa wa chini. Mtauliza, je, hakuona? Aliona. Aliona dirishani familia ya watu sita katika chumba kimoja, aliona mlango uliofungwa kwa waya, akajiambia, ajabu, matajiri wa siku hizi hawana makuu.

Alhamisi iliyofuata, tarehe 21 Desemba, saa nne kamili, alirudi na toroli kukusanya, akakuta mifuko imejaa, yote, imening'inia milangoni na hakuna mtu nje, akaipakia na kurudi nayo akipiga mluzi. Dada akanyoosha mkono kwenye mfuko wa kwanza kama kawaida yake, akatoa unga wa nusu kilo uliofungwa kwenye gazeti, na vitunguu viwili, na machungwa matatu yaliyofutwa vizuri, akafungua wa pili akakuta mchele kwenye kikombe cha plastiki kilichozibwa kwa kitambaa, naye hakufungua wa tatu.

"Mtaa wa juu wameanza lini kupima mchele kwa kikombe?" akauliza.

"Maisha yamepanda, dada."

"Nipe hiyo karatasi."

Kitinda mimba akampa, akatazama uso wa dada yake, na mpaka leo angependa kuusahau. Hakupiga kelele, na kwa dada yetu kutopiga kelele ndiko kulikokuwa hatari, aliushika ule mfuko kifuani kwa mikono miwili, akasema, "Umeenda kuwaomba chakula watu ninaowapelekea chakula. Wametoa cha kwao. Sikukuu imebakiza siku nne na wametoa cha watoto wao, kwa sababu kikaratasi changu kimewaambia watoe." Kisha akasema, "Nimekuwa yule mwanamke wa glavu," na akaanza kulia, huyu aliyemzika mume bila kuomba leso.

Alitaka vitu virudi saa ileile, mlango kwa mlango, na yeye mwenyewe akaombe radhi, na alipokumbushwa maneno ya daktari alisema daktari alikataza kusukuma toroli, hakukataza kulipanda. Ndivyo ilivyokuwa, ndugu zangu, na wapo waliopo hapa walioona kwa macho yao, mwanamke wa miaka sitini na sita, ana shuka magotini, ameketi juu ya mifuko thelathini na sita ya chakula ndani ya toroli la kiwanda, anasukumwa na mtu mzima anayetweta, na gurudumu la mbele linalia mlio ambao bata akiusikia angekana kuwa ni wake.

Walipokata kona ya kiwanda cha mbao, saa sita kasorobo, mtaa wa chini ulikuwa umejaa watu, wanawake kwenye mabeseni, fundi viatu na nyundo yake, kinyozi na mteja chini ya turubai, lakini gurudumu lilipolia mara mbili, mtaa mzima ukasimama, ukainuka, ukakimbilia ndani, milango ikafungwa pa, pa, pa, beseni likabaki linazunguka peke yake, na kwa muda wa pumzi tatu hapakuwa na kiumbe.

"Dada, wanatukimbia."

"Nani?" akasema dada yetu, aliyekuwa akifuta miwani. "Saa hizi hakuna watu hapa, wako kazini. Sikuzote huwa hivi."

Alikuwepo mmoja tu, mteja wa kinyozi, ambaye alikuwa amenyolewa upande mmoja na kuachwa kwenye kiti na shuka shingoni, naye alikuwa amefumba macho kwa nguvu zake zote. Dada akataka asogezwe kwake, akamuuliza wenyeji wako wapi.

"Mimi nimelala, mama," akasema yule bwana bila kufumbua macho. "Na hata nikiamka, mimi sipo."

Hapo dada alikata tamaa ya ustaarabu, akajikohoza, akasema kwa sauti ambayo yeye aliiona ya wastani na njiwa wa paa la kiwanda waliiona tofauti, "Jamani! Nimekuja kuomba radhi! Mifuko ilitundikwa kwa makosa! Chukueni vyenu, tafadhali, msinione vibaya!"

Mlango wa kwanza kufunguka ulikuwa wa fundi viatu, ambaye yuko hapa leo, na viatu alivyovaa marehemu katika jeneza ni kazi ya mikono yake. Alitoka akiwa na gundi vidoleni, akapiga goti moja kando ya toroli ili wawe macho kwa macho.

"Mama, makosa gani? Sisi tulidhani mifuko hii ni yako."

"Ni yangu."

"Yako ya kujazwa wewe. Mama, sisi tunakujua."

Dada akasema haiwezekani, hakuna aliyewahi kumwona, na fundi viatu akamtazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia. "Mwaka wa kwanza nilifungua mlango nikushukuru," akasema, "wewe ukajificha nyuma ya pipa. Pipa lenyewe dogo, mama. Nikafunga mlango. Jioni tukakaa wote tukasema, huyu mama hataki kuonekana, tusimwaibishe. Tangu hapo, tukisikia toroli, kila mtu ndani. Wanaokuja kupanga chumba, kabla ya kuambiwa choo kiko wapi, wanaambiwa habari ya toroli."

"Mnalisikia toroli?"

"Mama, linasikika mpaka sokoni."

"Lakini mimi mwenyewe huwa natembea taratibu, nanong'ona tu hesabu yangu."

Hapo mama wa mapacha, aliyekuwa ametoka na povu mikononi, hakuweza kujizuia tena. "Unanong'ona?" akasema. "Wewe mama, mwaka juzi ulisimama mlangoni kwangu ukanong'ona, 'Hapa kuna mapacha, ongeza sukari,' jirani wa nyumba ya nne akatoka kunipongeza kwa sukari!" Na watu waliokuwa wameanza kuchungulia wakaangua kicheko, yule mteja wa kinyozi naye akafumbua macho na kukubali kwamba yupo.

Wakamweleza mmoja baada ya mwingine, bila mpangilio, kwamba walipomwona kitinda mimba anatundika mifuko waliitambua kwa mshono, kwani ile ya miaka iliyopita ndiyo watoto wanayoendea shule, na walipoona toroli linasukumwa na mwanaume na hakuna mnong'ono, walijua mama anaumwa, wakasema, basi mwaka huu ni yeye anayehitaji, ndiyo maana machungwa, ndiyo maana unga wa uji laini, mfuko mmoja ulikuwa hata na soksi.

Dada akauliza swali alilokuwa amelibeba miaka hamsini na saba, akaliuliza kwa sauti ndogo kweli safari hii, kitinda mimba peke yake na waliokuwa karibu ndio waliolisikia. "Na nilipokuwa nikiwaletea, hamkuona aibu?"

"Tulikuwa na aibu moja tu," akajibu mama wa mapacha. "Aibu ya kula cha mtu miaka yote hii hatujamwambia asante, kwa sababu tukifungua mlango anakimbia."

Dada yetu akajiweka sawa juu ya mifuko yake, akasema, "Haya, semeni. Leo siwezi kukimbia." Wakasema, na hakuna aliyepanga mstari, walisema kwa fujo, wengine kwa mkupuo, wengine wakiwa bado na nyundo, yule mteja wa kinyozi akasema mara mbili ingawa haishi pale, na kitinda mimba aliyekuwa ameshika mpini wa toroli aliona mabega ya dada yake yakishuka, yale mabega aliyoyajua yamepanda tangu utoto wake, yakishuka taratibu kama mtu aliyetua ndoo. Akashusha pumzi ndefu. Akaomba kijiko. Uji ukapikwa palepale kwa unga wa mfuko wa kwanza, akala bakuli zima mbele ya watu, na akasema unahitaji chumvi, akajibiwa kwamba chumvi daktari hataki, hata hilo walikuwa wamelijua.

Siku iliyofuata watoto wake walipanda mtaa wa juu na karatasi sahihi na mifuko, sasa mitupu, wakagonga mageti na kueleza kucheleweshwa, na Jumamosi tarehe 23 Desemba mifuko iliyojaa ilishushwa mtaa wa chini milango ikiwa wazi, dada akiwa amewekewa kiti katikati, akiitaja kila nyumba kwa mnong'ono wake uleule, na watu wakiitika.

Baada ya hapo hali yake ilipanda na kushuka, alilazwa tena tarehe 22 Januari 2024 kwa siku tisa, na mwenyewe akaomba arudi nyumbani, ambako alikuwa na wageni kila siku, na aliwaambia wote kisa hicho, kila mara pipa likizidi kuwa dogo. Jumanne tarehe 13 Februari 2024, saa tisa alasiri, baada ya kunywa uji na kumkosoa binti yake jinsi alivyoshona kifungo, alimwambia, "Mimi sina deni la maneno na mtu," akageukia ukutani apumzike, na hakuamka. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, ndugu watatu, na mifuko thelathini na sita mipya iliyokwisha kushonwa, ambayo watoto wake na fundi viatu wamekubaliana itatundikwa mwaka huu kwenye mitaa yote miwili, kila mtu aweke anachoweza na achukue anachohitaji.

Familia inamshukuru daktari wake na manesi wa wodi ya moyo, ambao walimhudumia kwa subira na kuvumilia siri zake kusikika wodi nzima, inamshukuru mwalimu mkuu aliyetunza orodha, wafanyakazi wenzake wa idara ya kola, mtaa wa juu kwa kutoa, mtaa wa chini kwa kujificha, na majirani ambao tangu Jumanne hawajaacha jiko letu lipoe. Dada, umefanya kazi, umepumua, sasa lala kwa amani, na huko uliko ongea kwa sauti uipendayo.

Tangazo la mwisho. Familia inawaomba radhi wageni wapatao arobaini kutoka mbali ambao hadi sasa hawajafika hapa, vibao vya kuelekeza msibani vilitundikwa na msomaji. Tumepigiwa simu muda huu kwamba wote wamefuata vibao hadi mtaa wa chini, wamekaribishwa ndani, na wameshaanza kula.